Kipande Kisicho cha Ng'ombe

Binti yangu anasoma ng'ombe kwenye kompyuta. Msicheke, hata mimi nilicheka. Ng'ombe mwenyewe yuko hapo nje anatafuna, na yeye ameikodolea macho skrini yenye herufi tupu. Anasema ndani ya maziwa mna vipande vidogo mno, vinaitwa mikroRNA, kazi yao kuziambia jeni, "Wewe nyamaza, wewe endelea." Kama mwalimu wa zamu, nikamwambia.

Jumatano alikuja bila hata kupiga simu. Ijumaa alitakiwa asimame mbele ya maprofesa kutetea kipande kipya alichokigundua kwenye vichupa vya maziwa ya ng'ombe wangu nilivyomkamulia, matunda ya miaka mitatu. Kompyuta ilishataja mpaka jeni ambazo kinazinyamazisha.

"Mama, kile kipande hakimo kwenye ramani ya jeni za ng'ombe. Nilidhani ni kwa sababu ramani ina mapengo, nikajipa moyo. Jana nikakilinganisha na za binadamu." Akanigeukia. "Kimekaa herufi kwa herufi. Ni cha mtu. Kwani ulikamuaje?"

"Kama kawaida! Nilinawa, nikavaa na hizo glavu zako zinazonuka." Nikawaka. "Au mimi ni mchafu?"

"Sijasema hivyo, mama yangu."

Kusema kweli nilijua. "Basi, nilionja," nikasema. "Kidogo tu, kwenye mdomo wa kichupa, kabla sijafunga."

Alifumba macho. Afadhali angenigombeza. "Vichupa vilikuwa kumi na viwili," akasema polepole. "Ambavyo hukuonja vinaweza kuiokoa kazi iliyobaki. Niambie tu ulionja kipi."

Hapo nilitamani kudanganya, haki ya Mungu. Ningetaja kimoja, Ijumaa ingepita, nani angejua? Lakini mtoto ananitazama, ananiamini kabisa.

"Vyote," nikasema. "Uliniambia ni vya kwako. Tangu lini nikakupa kitu sijakionja?"

 Akacheka huku machozi yanamtoka, akaniegemea kwa uzito wake wote. Alipotulia akatoa simu, akampigia profesa wake.

"Shikamoo, mwalimu. Kile kipande kipya nakifuta." Alinishika mkono, akaubana. "Hapana, si cha ng'ombe. Ni cha mama yangu."