Neno Lililopotea kabla ya Upasuaji

"Daktari asema vile vidonge vya kuzuia damu kuganda uvinywe leo na kesho," Sumeiya alifasiri.

"Haya, dada," akajibu Mangi, mpishi mzaliwa wa Tezo aliyekuwa hospitalini Torino, Italia, akingoja kupasuliwa goti kesho yake. Mazungumzo yakaishia hapo.

Sumeiya, mkalimani wa Kiitaliano kwa njia ya mtandao, alibaki ameikodolea macho kompyuta chumbani mwake Malindi. Sauti ya daktari ilikuwa imekatika kidogo tu, kabla ya neno lenye maana ya "avinywe". Na kwa Kiitaliano, katazo ni kijineno kimoja kinachokaa papo hapo. Je, mtu wa kupasuliwa azuiwe damu kuganda?

Akampigia Dorcas, msimamizi wake. "Niunganishe tena na daktari. Huenda nimefasiri kinyume."

"Yuko chumba cha upasuaji, na wodini hawapokei simu. Nitaendelea kujaribu. Lakini mtandao wako ukikatika tena?"

Sumeiya hakuweza kukaa. Mumewe, Swafwan, akamkuta amepiga magoti chini ya meza.

"Si tuliongeza kasi juzi?"

"Kasi ipo. Yanayopotea ni maneno."

Alikuwa ameipa kompyuta amri ya kutuma vipande vidogo vya data na kungoja virudi. Vingine havikurudi. Akaacha waifai, akaiunga kompyuta kwa waya kwenye ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao nyumbani: vya kwenda hadi kwenye ruta vikarudi vyote, vya kwenda nje vikaendelea kupotea. Akabadilisha waya wa ruta na kisanduku cha umeme cha antena ya darini inayopokea mtandao. Bado.

"Basi ni juu," akasema. "Waya wa antena."

Swafwan akapanda darini na koleo. "Njoo uone! Kichwa cha waya kimeliwa na chumvi, kijani kitupu!" Upepo wa bahari ulikuwa umepata njia ya kupenya. Akakata ncha, akafunga kichwa kipya, mkewe akimhimiza toka chini: "Upesi, Swafwan, upesi!"

Sumeiya alipojaribu tena, vipande vyote vilirudi. Punde daktari akatoka chumba cha upasuaji, na Dorcas akawaunganisha wote watatu.

"Nilisema asivinywe," daktari akasema, kila neno wazi. "Hata kimoja."

Sumeiya akamwambia mgonjwa: "Kaka Mangi, nilikosea. Daktari alikukataza vile vidonge."

Mangi akaguna.

"Cha leo nimeshakinywa, dada."

Sumeiya akamfasiria daktari, naye akaahirisha upasuaji hadi juma lijalo. Sumeiya akafasiri hayo, kisha akaomba radhi kwa lugha zote mbili.

"Mwezi mzima naungoja," Mangi akasema, na sauti yake ilikuwa na uchungu. Halafu akaongeza: "Lakini kama hungenirudia, kesho ningekuwa mezani damu ikinitoka."

Tangu hapo, sauti ikikatika hata kidogo, Sumeiya humsimamisha msemaji, awe daktari bingwa au nani, akamwambia arudie. Wengine hukasirika. Naye hungoja mpaka warudie.