Mchoro wa Gauni wa Bibi Futi

"Kompyuta mimi naijua nje ndani," alisema Bibi Futi, akiipangusa skrini kwa kitambaa. "Hasa nje. Ya ndani namwachia mjukuu wangu."

Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu futikamba haikumtoka shingoni tangu ujana wake. Hata msibani alikwenda nayo, watu wakadhani kaja kumpima marehemu. Alisoma mpaka darasa la sita, akabaki na hesabu za kutosha kupima viuno na maandishi ya kutosha kujiponza.

Chumba chake cha ushonaji kilikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, na kompyuta kuukuu ambayo mjukuu wake, fundi kompyuta, aliiwekea mfumo huria. Programu ya kuchorea nguo nayo ilikuwa huria: yeyote aichukue, aifungue, aibadilishe, ampe na mwenzake. Bibi Futi aliitumia pamoja na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi mwenzake wa miaka yote.

Alasiri hiyo mjukuu alikuja kuupeleka mchoro wa gauni la mikunjo saba kwenye ghala la mtandaoni, ambako mafundi wa kila mahali huchukua michoro. Jina la mtunzi lingekaa mstari wa kwanza. Kwa Bibi Futi, hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Miaka hamsini kashona nguo zikavaliwa, zikachakaa, zikawa matambara ya kudekia, na hakuna hata moja iliyowahi kuandikwa jina lake.

Kilichobaki ni kuchagua leseni, yaani masharti ya kuutumia mchoro, na hapo ndipo mjukuu na kaka yake aliyefuatana naye walipokabana koo.

"Chagua hii, bibi," alisema mjukuu. "Atakayeubadilisha mchoro wako na kuugawa, naye augawe kwa masharti yale yale. Asiufungie."

"Uhuru gani huo wa kulazimishana?" alidakia kaka yake, aliyekuwa akiuza programu katika kampuni fulani na kuvaa tai hata siku ya mapumziko. "Mwache mtu auchukue, afanye atakavyo. Akitaka kuufungia auuze, auuze."

"Ili kampuni yako iuchukue bure, iufungie, halafu imuuzie bibi aliyeuchora?"

"Bibi tutampa punguzo."

"Punguzo la gauni langu mwenyewe!" Bibi Futi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Hebu niambieni. Hizo leseni zenu zinasemaje kuhusu jina la mtunzi?"

"Lisifutwe," walijibu wote wawili kwa pamoja.

"Haya, hapo tumeelewana!" Akapiga meza. Mwenyewe alijisikia kama hakimu, na sauti yake ikamnogea. "Anayefuta jina la mwenzake hana tofauti na anayeiba nguo kwenye kamba. Mimi nachagua hiyo ya kila kitu wazi. Mchoro huu nimeutoa kichwani mwangu. Au siyo, wifi?"

Wifi yake, aliyekuwa dirishani akitia vifungo kwenye gauni, alikata uzi kwa meno. "Wewe ndiye unayejua, wifi."

"Safi," alisema mjukuu. "Basi naupeleka pamoja na historia yake."

Mkono wa Bibi Futi ulibaki hewani. "Historia ipi tena?"

"Programu inaweka kumbukumbu ya kila badiliko. Nani, lini, nini. Si kila ukihifadhi inakuuliza umebadilisha nini?"

Bibi Futi alikumbuka, tena vizuri mno. Kaulizwa kwa adabu na mashine, wakiwa wawili tu chumbani, naye kwa adabu kajibu kweli. Fundi mzima anayejua kwamba ukifumua mshono matundu ya sindano yanabaki, hakufikiria kwamba kompyuta nayo ina matundu.

"Mjukuu wangu," alisema haraka, akimgeukia mwenye tai, "ile leseni yako ya kufungia nimeipenda."

"Hata hiyo, bibi, jina halifutwi."

"Basi hiyo historia itakuwa na makosa. Yule paka hupita juu ya vitufe."

Wifi akaliweka gauni chini. Akaja mezani, akavaa miwani yake taratibu, sikio moja, halafu la pili.

"Sogea kidogo, mwanangu, nami nione." Akasoma huku kidole kikifuata mstari. "Jumanne, saa nne asubuhi. Aliyehifadhi, Bibi Futi. Umebadilisha nini? 'Nimepunguza mkono. Nimetoa jina la wifi nikaweka langu. Macho yake mabovu, hatajua.'"

Mwenye tai akajitia kuangalia pasi.

Wifi akavua miwani.

"Na huyo paka wako, wifi, alifika darasa la ngapi?"