Maji ya Gari la Baba

Nyumbani kwetu gari lilikunywa maji yaliyochemshwa. Sisi watoto tulikunywa ya bombani na hakuna aliyeshtuka, lakini teksi ya baba ilibandikiwa sufuria kila alfajiri. Mama aliyaepua, akayaacha yapoe, akayachuja, kisha akayamimina kwenye kidumu. "Chombo kinachotulisha hakinyweshwi uchafu," alisema. Baba alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini ya kiti, akaondoka. Hivyo kwa miaka ishirini na sita.

Asubuhi zile nazikumbuka kuliko chochote nilichofundishwa darasani. Mvuke kwenye dirisha la jikoni, redio inakoroma, baba anafunga vifungo vya shati huku akijifanya anamsikiliza mkewe. Wale hawakuwa watu wa kushikana mikono wala kuitana mpenzi. Walipeana kidumu. Leo ningetoa chochote nisimame tena mlangoni niwaone.

Baba alipofariki, gari likawa langu. Mimi ni mwalimu, sina subira na watu sembuse na mashine, na nilitaka kuliuza. Mama alinitazama mara moja tu, nikaufyata. Jumamosi ya kwanza akanikabidhi kidumu: "Lipe, lina kiu." Nikafungua rejeta, nikakuta maji mekundumekundu. Nikadhani ni kutu. Kwa ujuaji wangu nikayamwaga yote, nikajaza ya mama. Aliyekuwa hajatabasamu tangu mazishi akatabasamu, nami nikaendelea hivyo kila Jumamosi kwa karibu miaka miwili.

Mwezi uliopita gari likachemka njia panda, mama akiwa ndani. Mvuke ulifunika kioo, honi zikalia nyuma yetu, mimi nikawa natukana chini kwa chini. Mama hakuogopa. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Nimelipa maji kidogo?"

Kesho yake nilimkuta amebandika sufuria mbili.

Nikalivuta gari hadi kwa fundi aliyekuwa rafiki wa baba, tunayemwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Alichomoa mpira wa juu wa rejeta, akaingiza kidole, akakitoa kina magamba meupe na kutu.

"Binti, umelinywesha nini hili?"

"Maji. Tena ya kuchemshwa."

"Kwani gari linaogopa kuhara? Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvichumvi inabaki palepale. Kaangalie sufuria ya mama yako, ule ukoko mweupe chini. Ndio huu umeziba rejeta. Na kutu imeanza kuitafuna pampu. Hapa panatakiwa kulanti, dawa ya kupozea injini."

"Ipi? Nyekundu au kijani?"

"Unachagua rangi ya kucha? Rangi kila kiwanda kinatia yake. Soma kitabu cha gari, aina imeandikwa humo. Ukichanganya aina zisizopatana, zinaweza kuganda uji ndani, halafu unakuja kunililia. Hii ya kwako unaichanganya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, muda wake ukifika unaibadilisha. Basi."

Kulichemshia gari maji ndicho kitu cha mwisho mama alichobaki nacho cha kumfanyia mumewe. Nikimwambia kwamba maji hayo ndiyo yanaliua gari, nitamfisha baba mara ya pili. Nikamwomba Kimya afiche.

"Lakini sielewi," nikasema. "Baba alilitia maji hayohayo miaka yote, na halikuwahi kuchemka."

Kimya akanyamaza. Niliogopa kweli.

"Baba yako hakulitia hata tone," alisema mwishowe. "Kulanti alikuwa ananunua hapa hapa, aina moja tu. Yale maji alikuwa anayanywa. Mchana tukikaa kijiweni anatoa kidumu, anapiga mafunda. Tulimcheka sana. Akatuambia, mtu haamki saa kumi kunichemshia maji halafu mimi niyape bati."

Njia nzima nilikuwa na hasira. Hasira na baba kwa siri yake, na mimi mwenyewe kwa ujuaji wangu. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshatunga uongo mzuri, wenye kichwa na miguu.

Mama alikuwa jikoni. "Haya, Kimya kasemaje? Maji hayakutosha?"

Uongo wangu nikauacha hapo hapo mlangoni.

"Mama, gari halitakiwi maji. Yaliyoliharibu ni yale niliyotia mimi. Baba hakuwahi kulitia."

Akaweka mwiko chini. "Kwa hiyo alikuwa anayamwaga."

"Hapana. Alikuwa anayanywa. Yote, kila siku."

Alivuta kigoda akakaa. Nilisubiri anifokee, maana ningefokewa ningejua la kufanya.

"Kwenye kile kidumu?"

"Ndiyo."

"Kile kilikuwa cha oili," alisema. "Nilikisugua na sabuni mpaka mikono ikachubuka, harufu haikuisha. Nikasema potelea mbali, gari halina pua."

Mimi nikaangua kicheko, sikuweza kujizuia. Yeye hakucheka. Alikuwa anautazama mlango ambao baba alikuwa akiingilia jioni.

"Na kila akirudi nilimuuliza, maji yalitosha leo? Alinijibu, gari linashukuru, mke wangu. Linasema hayana mfano."

Kisha akalia, kilio ambacho siku ya mazishi hakukitoa.