Shikamoo ya Kijakazi

Kila asubuhi Kijakazi, aliyekuwa na umri wa kumzaa baba yangu, alitoka jikoni, akapiga goti ukumbini na kusema, "Shikamoo, bwana." Baba alijibu "Marahaba" bila kuinua macho. Utumwa ulikuwa umekwisha zamani, lakini nyumbani kwetu Ngamiani hakuna aliyemwambia baba.

Sasa Kombo, mjukuu wa Kijakazi na fundi wa reli, alikuwa ameniposa, nami namtaka. Baba akakataa. Nikapeleka shauri kwa kadhi, maana walii wa ndoa hakatai hivi hivi tu. Lazima atoe sababu.

Alasiri ile kadhi aliketi ukumbini na wazee wa msikitini. Mimi na Kijakazi tulikuwa nyuma ya pazia, tumeshikana mikono. Kombo na mafundi wenzake walisimama barazani, wameziba mlango.

"Haya, bwana Idarusi," kadhi alisema. "Sababu?"

Nililijua neno lililomkaa baba kooni: mtumwa. Lakini ilikuwa mwaka 1957. Vijana walishaanza kuitana ndugu, na neno lile mbele ya mafundi wale lingezua vita. Baba akatabasamu, nami nikaogopa.

"Ndoa hii haramu," alisema. "Mama yangu alikosa maziwa. Nimenyonya kwa Kijakazi, ziwa moja na bintiye Mwanakhamis, mamake Kombo."

Kijakazi akaniachia mkono.

"Wallahi ulinyonya?" kadhi aliuliza.

"Wallahi! Hata nikaachishwa."

"Basi Mwanakhamis ni dada yako, na Kombo ni mpwa wako. Yeye na binti yako Mwatumu ni mabinamu. Si haramu asilani. Tena wewe siku zote husema binti yako haolewi ila na binamu."

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mdomo huponza kichwa. Baba alitota jasho hadi kwenye kanzu, na sikumwonea huruma hata chembe.

"Bado moja," kadhi akasema. "Aliyekunyonyesha ni mama yako. Mwiteni."

Kijakazi akatoka. Mazoea yana taabu: magoti yalianza kukunjika yenyewe. Nikapenyeza mkono chini ya pazia, nikaidaka kanga yake na kuivuta kwa nguvu. Akasimama wima, akamtazama baba, akangoja.

Baba alifungua mdomo.

"Shika..." Sauti ikamkwama.

"Sikusikii, mwanangu," alisema Kijakazi.