Sampuli ya Saa Mbili Asubuhi

Sampuli hukatwa saa mbili asubuhi. Ndivyo ilivyoandikwa ukutani kwa wino uliofifia, na kwa miaka kumi na moja mimi, mpimaji, nimekata, nimepinda, nimetia sahihi. Nimechoka.

Kiwandani tunatengeneza vikanyagio: mabamba ya plastiki yenye matundu, ya kupitia juu ya matangi ya dawa kali. Plastiki tupu hulegea, kwa hiyo huchanganywa na unga wa udongo wenye vigamba vyembamba ajabu. Panga elfu moja, hujafikia unene wa unywele. Vikitawanyika, kila kimoja kikashikwa na plastiki pande zote, bamba linakakamaa. Vikigandana madonge, umetia vumbi tu.

Injinia, binti mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi, ndiye hukokotoa ukakamavu huo kwenye kompyuta. Jumatano aliniletea karatasi.

"Hesabu imetoa tatu nukta nne, mzee. Wewe umepima tatu nukta tatu. Imeisha hiyo. Weka sahihi, Jumamosi mabamba yanafungwa juu ya tangi."

"Tangi lipi?"

"La tatu."

La tatu hulisafisha shemeji yangu, mume wa dada. Na ndilo lililommeza mwenzetu Kipara miaka saba iliyopita, kikanyagio kilipopinda kikachomoka kwenye fremu. Ripoti, ukurasa wa nne: uzembe wa marehemu. Walioiandika nawakumbuka mmoja mmoja, hata rangi ya kalamu. Sahihi chini ya kipimo ilikuwa yangu. Kilikuwa kizuri, kipimo kile. Cha saa mbili asubuhi.

Imenichukua miaka yote hiyo, na vitabu vya hesabu vilivyotupwa na chuo, kuelewa.

"Binti, hesabu yako inaamini vigamba vimekaaje?"

"Kimoja kimoja, vimetawanyika."

"Nani kakwambia?"

"Si sampuli zako zinakubaliana nayo?"

"Za asubuhi. Unga umelala kwenye oveni usiku kucha, umekauka. Ukiisha, saa tano, wanamimina wa kwenye magunia, una unyevu, unakaushwa dakika ishirini tu, vigamba vinagandana. Bosi anasema oveni inakula umeme. Asubuhi mashine inatoa ndoo, na sampuli inatoka humo. Vikanyagio vinatoka saa ngapi?"

Akaitazama saa yake. Vinatoka mchana.

Saa nane tulikata kipande kwenye bamba lenyewe. Kile cha asubuhi, kikibebeshwa uzito, kilishuka milimita nane. Hiki kikashuka kumi na mbili.

"Mbili nukta mbili," alisema, akakaa. Akafungua kompyuta, akavikusanya vigamba kumi kumi kuwa donge moja, akakokotoa upya. Mbili nukta tatu. "Mungu wangu. Hesabu haikukosea, mzee. Mimi niliiuliza habari za plastiki nyingine."

Meneja alikuja na kalamu mkononi. "Utaratibu ni sampuli ya asubuhi."

"Basi vikanyagwe asubuhi tu," nikasema. "Ikifika saa tano watu waruke."

"Wewe na siasa zako!"

"Ukurasa wa nne, bosi. Nikusomee? Ninao kichwani."

Akamgeukia binti, mwenye miezi sita tu kazini, akampa kalamu. Binti akakata ile tatu nukta nne, akaandika mbili nukta mbili, saa nane mchana, akatia sahihi. Nami nikatia chini yake. Msidhani ni ushujaa. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika namba niliyoijua.

Jumamosi plastiki haikufungwa. Yalirudishwa mabamba ya chuma ya zamani, kila moja watu wawili na matusi juu.

"Shem," shemeji akahema, "ndiyo haki uliyotupigania hii? Mgongo umekwisha!"

"Kanyaga."

Akapanda, akarukaruka makusudi, kunikomesha. Bamba halikutikisika. Chini yake dawa ilitulia, nyeusi, na mimi nilitamani kwenda kulala tu.

"Haya, shuka ushike upande ule," nikamwambia. "Yamebaki kumi na tisa."