Namba ya Mwisho Barafuni

Juu kabisa ya Mlima Baridi, penye ziwa ambalo halijawahi kuyeyuka, palikuwa na ufalme ulioitwa Barafuni. Falme nyingine zilijivunia dhahabu, nyingine majeshi. Barafuni walijivunia timu ya magongo.

Timu hiyo ilianzishwa na punda. Kazi yao ilikuwa kukata mapande ya barafu ziwani na kuyateremsha bondeni kwa kamba. Saa ya mapumziko walijifunga vyuma kwatoni, wakashika magongo, wakakimbizana na kisahani cha mti juu ya barafu, kila upande ukitaka kukiingiza kwenye wavu wa mwenzake. Watazamaji wakaongezeka. Ukumbi ukajengwa, wachezaji wakaanza kulipwa mshahara, timu ikaingia kwenye ligi, na ndani ya miaka sitini kombe likapanda mlima mara nne.

Ikazuka desturi nzuri. Mchezaji aliyetukuka alipostaafu, jezi yake ilivutwa kwa kamba hadi kwenye boriti za paa, na namba yake haikuvaliwa tena na yeyote. Wa kwanza alikuwa Nyati, namba saba, aliyecheza fainali nzima kwa pembe moja baada ya kuiacha ya pili ukutani. Wa pili alikuwa Swala, namba kumi na tisa. Miaka sitini, jezi mbili. Heshima haikugawiwa kama karanga za msibani.

Kisha akatawazwa Mfalme Kiboko.

Mfalme Kiboko aliwahi kukanyaga barafu mara moja, na barafu ikapasuka. Hilo halikumzuia Waziri Hondohondo kusimama barazani na kutoa hoja kwamba namba moja itundikwe kwa jina la Mtukufu.

"Kwa mchango gani?" aliuliza Kobe, mjumbe pekee aliyekuwa bado na tabia ya kuuliza.

"Kwa kutocheza, mheshimiwa. Hebu fikiria angecheza, wapinzani wangeumia kiasi gani! Huo ndio uungwana michezoni."

Baraza likapiga makofi. Kobe akastaafishwa wiki hiyohiyo, bila jezi.

Namba mbili akapewa Malkia. Tatu, mama yake Malkia. Wakafuata mashemeji, mawifi, wakwe, na kinyozi wa ikulu, ingawa viboko hawana nywele. Kila sherehe punda waliitwa na kamba zao, wakavuta, wakafunga fundo, wakarudi ziwani.

Sasa, sheria ya ligi ilitambua namba moja hadi tisini na tisa, basi. Asiye na namba hakanyagi barafu. Kila jezi iliyopanda ilimrudisha mchezaji nyumbani. Wakabaki kumi, wakabaki watano, akabaki mmoja: Nyegere, golikipa, namba thelathini na moja. Kwa sheria hiyohiyo, timu yenye mchezaji mmoja bado ni timu. Akikosekana na huyo, inafutwa.

Nyegere alisimama golini peke yake dhidi ya timu ya Ng'ambo. Akafungwa ishirini na sita.

"Nidhamu ilikuwa ya hali ya juu," Waziri alitangaza redioni. "Hakuna mchezaji wetu aliyegombana na mwenzake."

Mtangazaji akamgeukia Nyegere, aliyekuwa bado na barafu kwenye sharubu. "Bi Nyegere, unahitaji nini kwa mechi ya marudiano?"

"Msaada. Wako wenzangu tisini na wanane wananing'inia darini. Ateremke hata mmoja. Hata yule kinyozi, jamani."

Ufalme mzima ulicheka. Ikulu haikucheka.

Siku ya marudiano, Baraza liliketi ukumbini kabla ya mechi, mbele ya watazamaji wote, na punda wakaitwa na kamba zao. Waziri akasoma maamuzi mawili: Nyegere aombe radhi kwa mzaha wake wa redioni, kisha avue jezi, itundikwe kwa heshima ya mjukuu wa Mtukufu.

"Mjukuu yupi?" aliuliza Nyegere.

"Hajazaliwa bado."

"Basi namba yake aisubirie hukohuko tumboni."

"Chunga ulimi wako!"

"Mheshimiwa, nikiivua hii, timu imekwisha."

"Imekwishaje? Jina lake litakuwa kwenye jezi tisini na tisa!"

Mfalme alipiga mwayo. Alikuwa na njaa. "Vuteni kamba," akasema.

Punda waliangalia juu, wakamwangalia Nyegere, wakaangaliana. Babu zao ndio walioanza mchezo huu. Na mafundo yote ya paa lile walikuwa wameyafunga wao.

"Dada," punda mmoja alimwambia Nyegere, "sogea kidogo, zisikuangukie."

Wakafungua.

Jezi zilishuka kama theluji. Wachezaji waliorudishwa nyumbani walikuwa jukwaani, wamekuja kutazama kama kila mtu, na hawakungoja kuitwa. Digidigi alivaa ya mama mkwe, ikamburuza chini. Fisi alivaa ya kinyozi, akacheka mpaka akakaa. Jezi tatu hazikuguswa: ya Nyati na ya Swala kwa heshima, na namba moja kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Walinzi waliamriwa wawakamate punda na wachezaji. Walinzi wenyewe walikuwa wameshakaa, kila mmoja pale anapoona vizuri.

Barafuni walifungwa tano kwa nne, na ukumbi ukaimba kana kwamba kombe limepanda tena mlima. Upande wa Mfalme viti viliachwa vitupu, kimoja baada ya kingine, wajumbe wakisogea karibu na uwanja wakidai hawasikii vizuri.

Waziri akateremka mbio na kipaza sauti. "Bi Nyegere, mama yangu," alinong'ona, "Mtukufu yuko tayari kusahau yote. Neno moja tu. Sema samahani, sote twende nyumbani."

Nyegere alivua kinyago cha golini, akajifuta jasho kwa mkono wa jezi yake, akakipokea kipaza sauti.

"Lile bao la tatu lilikuwa kosa langu, nilitoka mapema. Mazoezi ni kesho alfajiri, na huyo mjukuu akikua mleteni, namba atapewa akiitolea jasho." Akamtazama Kiboko. "Ama hiyo radhi, Mtukufu, siombi."