Upande wa Mpiga Makaa

Tuseme mapema ili tusisumbuane: mjinga wa siku ile alikuwa Vusumuzi Ndiweni, na mwenyewe hakatai. Siku hizi hujitaja haraka, kabla mkewe hajamtangulia.

Jumamosi hiyo wastaafu wa reli wa Bulawayo walikuwa na maonyesho yao katika ukumbi wa kanisa. Ni watu wa umri wa kuota jua, lakini kukaa bure juani hawawezi. Wao huunda treni ndogo kwa makopo ya samaki na spoki za baiskeli. Kilicho na futi ishirini relini, kwao kina futi moja mezani. Mwenyekiti wao ni mzee Tshuma, dereva mstaafu, na sheria yake ni moja: treni inayosema uongo haipandi meza ya maonyesho.

Ndiweni alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani pamoja na behewa aliloliunda, akarudishwa tena pamoja na daraja. "Daraja hili lingeniua," Tshuma alimwambia mbele za watu, "na ningekufa nawe."

Kilichomuuma ni kwamba Tshuma ndiye aliyekuwa dereva wake. Yeye Ndiweni alikuwa mpiga makaa, beleshi mkononi, uso tanurini, na Tshuma dirishani akimwita "kijana". Leo wote wawili wamekuwa na mvi, na kwa Tshuma yeye bado ni kijana. Basi safari hii akaamua kuunda injini yao wenyewe, ile ya mvuke iitwayo Garati, waliyoendesha pamoja kwenda Victoria Falls na kurudi, yenye tangi la maji mbele na shehena ya makaa nyuma. Alitaka neno moja tu kutoka kinywa cha yule mzee: ndiyo hii.

Asiyejua raha ya kazi ile atacheka, na acheke. Injini ya kweli ilimtawala Ndiweni ujana wake wote. Ilimuunguza nyusi, ikamtafuna mgongo, wala hakupata kuiona nzima. Aliona mlango wa moto na makaa yasiyokwisha. Sasa akaiweka mezani, akaipindia bomba kwa koleo ya kukatia kucha, akaibandikia ulezi punje kwa punje ziwe vichwa vya ribiti, ile misumari ya kuunganishia bati, na ilipomkasirisha aliifunika kitambaa akaenda kunywa chai. Injini kubwa haikubali kufunikwa kitambaa. Kuna saa alizuia pumzi kwa ajili ya punje moja, na katika saa hiyo hakukumbuka mgongo, wala pensheni, wala kwamba Nothando, binti yao, hajapiga simu kutoka Johannesburg.

Meza yenyewe ilikuwa ya chakula, na mkewe, aitwaye MaTshuma kwa ukoo wa baba yake, alikuwa amechora mpaka. Nusu yake ina kitambaa cha kufuma na inang'aa hadi unajiona meno. Nusu ya mume ina gundi, vipande vya bati na kikombe cha juzi.

"Ulezi wangu wa pombe umeisha, Baba Nothando," alikuwa akisema. "Wageni niwape treni wanywe?"

Rangi nyeusi ilipokauka, Ndiweni akaanza ufundi ambao ni mafundi wa vitu vidogo tu wanaoujua: kuichafua. Alichukua masizi ya mshumaa, machicha ya chai, na kutu ya sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, iliyolowekwa kwenye siki. Akaipaka injini mpya ukongwe hadi ikaonekana imetoka safarini asubuhi ile. Akaitazama, machozi yakamlengalenga. Akaenda kunyolewa.

Aliporudi, MaTshuma alikuwa na beseni la povu, mswaki wa zamani na nta ya sakafu ya baraza.

"Nimefika nusu," alisema kwa furaha. "Ungeipelekaje mbele za watu na uchafu ule? Wangesema mke wako ni nani?"

Upande mmoja ulikuwa unameremeta. Ndiweni aliivuta injini kwake.

"Ule haukuwa uchafu! Nimeupaka mwenyewe!"

"Umepaka uchafu?" MaTshuma aliweka mswaki chini polepole. "Kwa makusudi? Na masizi yaliyo kwenye koti langu la kanisa, nayo umeyapaka kwa makusudi?"

Muda wa kuichafua upya haukuwepo. Ndipo Ndiweni alipopata akili yake ya siku ile: akaibeba hadi ukumbini, akasukuma meza ndogo mpaka ukutani, upande uliooshwa ukatazama ukuta, wenye masizi ukatazama watu. Kisha akasimama pembeni kama mtu asiye na neno.

Sasa, mtu aliyekuwa mpiga makaa angepaswa kukumbuka jambo moja. Dereva hapandi injini kabla hajaizunguka. Kila safari, jua au mvua, huizunguka yote akigonga na kuchungulia. Tshuma ameacha kazi; kuzunguka hajaacha. Alifika, akainama kwenye masizi, akaguna. Kisha akashika meza kwa mikono miwili.

"Mzee, huko nyuma hakuna kitu," Ndiweni alisema.

"Ndiyo maana naenda kutazama."

Meza ikavutwa. Upande wa pili ukawaka chini ya taa. Phiri, mzee aliyekuwa akizipa treni ishara za kupita, alipiga mluzi. "Huyu kaishiwa masizi!"

Tshuma hakucheka. Aliinama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya tangi bila kuligusa. Aliponyanyuka, macho yake yalikuwa na maji.

"Ndiyo hii," alisema.

Ndiweni alitoka pembeni, akasogea.

"Ndiyo hii hasa! Upande wangu wa dereva nilikuwa nausugua kwa tambara la mafuta kila jioni mpaka nanyolea ndevu humo. Na upande wako, kijana..." Akaizunguka tena, akanyooshea kidole masizi. "Sijaona mtu mkweli kama wewe. Mwingine angejipendelea."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. MaTshuma alikuwa ameingia na wenzake na masufuria ya chakula, akasimama kusikiliza.

Na hapa, angenyamaza, angeenda nyumbani bingwa. Neno alilolitamani alikuwa amekwisha kulipata. Lakini mjinga wa siku humaliza siku yake.

"Hapana, mzee. Injini zote zilikuwa na masizi pande zote. Ndivyo ninavyokumbuka."

"Unakumbuka upande wako! Kwangu ulikuja lini?"

"Upande wangu nilikuwa naufuta!"

"Kwa kitu gani? Kwa mgongo ukiuegemea?"

"Phiri, wewe ulikuwa unatuona tukipita. Sema!"

"Mimi niliona moshi," Phiri alisema. "Msiniingize kwenye ndoa ya watu."

"Nilikuwa msafi!" Ndiweni alipiga kifua. "Tangu ujana wangu mimi ni mtu msafi, na atakayekataa alete ushahidi!"

MaTshuma alitua sufuria. Tshuma ni wa ukoo wake, kwa hiyo ni kaka yake, na kaka huambiwa ukweli.

"Kaka," alisema, "chakula kikiisha uje nyumbani uone meza yangu. Haina magurudumu, lakini upande wa mpiga makaa utaujua."